Hisa imeporomoka na M-Pesa una 14,000: Uongeze au uwachie hapo?

Unaijua hiyo hali. Umefungua apu asubuhi, hata mswaki hujapiga, unakuta rangi ni nyekundu tena. Hisa ulizonunua ukijiambia kwamba hapa sasa naomoka, zimebaki theluthi ya bei yake. Na kwenye M-Pesa kuna kitu kidogo kimetulia. Basi sauti inaanza: ongeza zingine. Bei imeshuka, wastani utashuka, zikirudi utacheka wewe.

Mimi nimeishi na hiyo sauti wiki tatu nzima. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimekunywa nayo chai kwenye kibaraza cha mamangu hapa Majengo. Leo nataka nikueleze nilivyoijibu, kwa sababu najua siko peke yangu. Kila mtaa wa Eastlands siku hizi una kijana mwenye hisa kwenye simu na hajui la kuzifanyia.

Nianze na aibu yangu, ndio usidhani nakuhubiria. Mwaka 2021 nilinunua hisa 12 za kampuni moja ya programu ya Marekani, kila moja dola 28. Dola ilikuwa kama shilingi 110, kwa hivyo zilinitoka karibu shilingi 37,000. Hizo pesa zilikuwa karo. Mamangu alikuwa amezikusanya mahamri kwa mahamri, mbaazi kwa mbaazi, na mimi nikapiga hesabu kwamba kabla ya siku ya mwisho ya kulipa zitakuwa zimezaa. Hazikuzaa. Nilitoka chuo mwaka wa pili, na nikikwambia sababu ilikuwa hiyo peke yake nitakuwa nadanganya, lakini hiyo ilikuwemo.

Leo hisa moja ni dola 9. Dola ni kama shilingi 129. Zote 12 zinafika kama shilingi 13,900. Na kutokana na kuandika hapa na pale, nimejiwekea shilingi 14,000. Unaona jinsi shetani alivyonipangia: pesa iliyopo inatosha kununua hisa zingine 12 kamili.

Utamu wa wastani

Hebu tupige hesabu pamoja. Nikiongeza 12 kwa dola 9, nitakuwa na 24, na wastani wa bei yangu utashuka kutoka dola 28 hadi 18 na nusu. Ukiangalia haraka unahisi kama umepona. Jana ulihitaji hisa ipande zaidi ya mara tatu ndio urudishe chako, leo unahitaji ipande mara mbili na kidogo tu.

Lakini angalia tena. Zile pesa zilizopotea hazijarudi hata senti. Kilichobadilika ni kwamba kabla nilikuwa nimeweka elfu 37 kwa kampuni inayoyumba, na sasa nitakuwa nimeweka elfu 51 kwa kampuni ileile. Wastani umeshuka kwa sababu mimi nimeongeza mzigo, si kwa sababu kampuni imepata nafuu. Kampuni haijui wastani wangu. Wala haijui kuna mimi.

Nilimpelekea mjomba hii hesabu. Mjomba wangu anauza mitumba Gikomba tangu kabla sijazaliwa, na kama unamjua mtu wa Gikomba, unajua hana muda wa maneno mengi. Nikamwonyesha simu. Akaniuliza, "Robota la kwanza ulifungua ukapata nini?"

"Fagia, mjomba."

"Sasa unataka kununua la pili kwa muuzaji yuleyule?"

"Lakini mjomba, sasa anauza bei ya chini."

"Fagia huwa bei ya chini. Ndiyo maana ikaitwa fagia."

Kwa ambao hamjawahi kuamkia Gikomba: robota likifunguliwa, nguo nzuri za juu kabisa ni kamera, na zile za mwisho, zilizochanika na kupauka, ni fagia. Bei ya chini haikuambii umepata bahati. Ni mpaka ufungue uone ndani.

Mjomba na AccessKenya

Halafu mjomba akanishangaza. Kumbe na yeye amewahi kuwa pale nilipo, na ilikuwa kampuni ya teknolojia pia.

Mwaka 2007 AccessKenya, kampuni ya intaneti iliyoanzishwa na ndugu wawili, David na Jonathan Somen, iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 10 kila moja na kuingia Soko la Hisa la Nairobi mwezi wa sita. Enzi hizo IPO ilikuwa kama mechi ya Gor na AFC: kila mtu alikuwa na habari yake. Walioomba walikuwa wengi kuliko hisa zilizokuwepo, kila mtu akapewa pungufu. Mjomba alipata 500. Bei ikapanda zaidi ya maradufu, na yeye, akiona amekuwa mjanja, akaongeza 300 kwa shilingi 24.

Piga hesabu: 5,000 za kwanza, 7,200 za pili, jumla 12,200 kwa hisa 800. Wastani shilingi 15 na senti 25.

Halafu ikaja 2009. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa. Kwako wewe na mimi hiyo ilikuwa habari njema, intaneti ikaanza kuwa rahisi. Kwa kampuni iliyokuwa ikiuza intaneti ghali kwa maofisi, ilimaanisha bei ya bidhaa yake inaanguka huku washindani wanazidi, na yeye mwenyewe inabidi achimbe barabara kulaza nyaya zake. Faida ikakonda. Hisa ikateremka mpaka ikacheza karibu na shilingi 5.

Hapo ndipo jirani yake wa kibanda alipomwambia: ongeza, imekuwa rahisi. Mjomba alikuwa na shilingi 5,000 mkononi. Angepata hisa 1,000.

Hakuongeza. Tena mwaka 2012 aliziuza zote 800 kwa hasara, kwa sababu binamu yangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza na shule haipokei hisa kama karo. Jirani naye akanunua zake 1,000.

Mwaka uliofuata, 2013, Dimension Data ya Afrika Kusini ikaja na ofa ya kuinunua AccessKenya yote kwa shilingi 14 kila hisa. Kampuni ikatolewa sokoni. Jirani, elfu tano yake ikawa elfu kumi na nne. Mjomba alibaki kuitazama habari hiyo kwenye gazeti lililofungiwa viatu.

Nilimwuliza kama alijuta. Akasema alijuta juma moja. Halafu akakumbuka binamu yangu alikuwa darasani.

Hesabu ya jirani haikuishia hapo

Sasa ungedhani funzo ni "ongeza, usiogope". Mimi pia nilidhani hivyo, nikataka kuinuka. Mjomba akanishika mkono. "Kaa. Hujaniuliza jirani alifanya nini na hizo pesa."

Jirani alikuwa pia na hisa za Uchumi. Wengi wenu mnakumbuka Uchumi kama jengo lililofungwa, lakini ilikuwa duka la Wakenya haswa. Ilisimamishwa sokoni mwaka 2006, ikafufuliwa, ikarudi kuuzwa 2011, na watu wakasema ikifufuka mara moja haifi tena. Mwishoni mwa 2014 ikawaomba wenye hisa waongeze pesa: nunueni hisa mpya, shilingi 9 kila moja. Watu waliitikia kwa wingi, jirani akiwemo. Bei ilipoteremka chini ya 9, akaongeza tena, kwa sababu mara ya kwanza si ilifanya kazi?

Mwaka 2015 bodi ikamfuta mkurugenzi mkuu, matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa, wauzaji bidhaa wakawa wanadai madeni yao. Hisa ikashuka mpaka ikawa haifiki hata shilingi moja. Zile za AccessKenya alizovuna, Uchumi ikazila, na chenji juu.

Mtu yuleyule, hoja ileile ya "imekuwa rahisi", mara moja akapata karibu mara tatu, mara ya pili akabaki na karatasi. Tofauti ilikuwa nini?

Mjomba anasema tofauti ungeiona kwa macho. AccessKenya, hata ilipokuwa ikiyumba, ilikuwa na nyaya chini ya barabara za Nairobi na makampuni makubwa yaliyokuwa yakilipa kila mwezi. Kulikuwa na kitu ndani ambacho mwenye pesa angekitaka. Uchumi, ukiingia tu, ulikuta rafu zina tishu na maji ya chupa. "Sikuhitaji mhasibu," alisema. "Nilienda kununua mafuta ya kupikia nikakosa."

Na kama unadhani jirani ni peke yake, waulize waliotoa pesa kwa Kenya Airways mwaka 2012 ilipouza hisa mpya kwa shilingi 14. Miaka minne baadaye bei ilikuwa chini ya shilingi 5. Mwezi wa saba 2020 hisa zikasimamishwa kabisa, na haziku­uzwa tena hadi Januari 2025. Miaka minne na nusu ulikuwa huwezi kutoka hata kama nyumba inaungua.

Ile iliyorudi

Kwa haki, lazima nikuambie na ya Safaricom, maana utaniuliza. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5. Watu walikopa benki kununua, walioomba wakazidi mara kadhaa, wakapewa kidogo. Mwanzo wa 2009 hisa ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Mtaani watu walitukana. Wengi waliokuwa na mkopo wa benki waliuza kwa hasara, kwa sababu benki haingoji.

Aliyeongeza kwa hiyo bei na akatulia, mwaka 2021 aliiona ikipita shilingi 40. Aliyenunua hapo juu 2021 naye, miaka miwili baadaye aliiona ikiwa chini ya 15. Hisa ni ileile, majaliwa ni mbalimbali.

Lakini 2009 ungesimama Barabara ya Digo ukaangalia tu, ungeona kitu. M-Pesa ilikuwa na miaka miwili. Kila mwezi kulikuwa na kibanda kingine cha kijani, kila nyanya alikuwa anajifunza kutuma pesa ushago. Bei ya hisa ilikuwa inateremka huku wateja wanapanda. Hiyo ndiyo fagia ya uongo: ukifungua robota, kumbe kuna kamera katikati.

Na nje pia mambo ni hayohayo. Mnakumbuka BlackBerry, ile simu ya wenyewe? Katikati ya 2008 hisa yake ilipita dola 140. Iliposhuka watu wakaongeza wakisema haiwezi kufa, ni BlackBerry. Kweli haikufa. Iliacha kutengeneza simu, ikawa kampuni ya programu. Lakini hisa imekaa miaka na miaka kwa dola chache. Kampuni inaweza kuishi na pesa yako ikafa.

Sasa duka la programu utaliona rafu zake wapi?

Hapa ndipo nilikwama. Uchumi ungeingia mlangoni. Kampuni ya programu iliyo Marekani utaingilia wapi? Nikachanuka kidogo. Kampuni za Marekani zinazouzwa kwenye masoko ya hisa ya huko kwa kawaida huwasilisha hesabu kila robo mwaka kwa mamlaka ya huko, SEC, na ripoti hizo zinasomwa bure mtandaoni. Hapa kwetu, kampuni za soko la Nairobi hutangaza hesabu kila nusu mwaka, na faida ikitarajiwa kushuka kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inazitaka zitoe onyo mapema. Kwa hivyo rafu zipo. Ni sisi hatuingii dukani, tunasimama nje tukitazama bei.

Nilikaa na ripoti ya kampuni yangu siku mbili. Sikusomea uhasibu, na Kiingereza chao ni cha kukuchosha makusudi, lakini nilikuwa natafuta vitu vinne tu. Vichukue, vitakusaidia.

Kwanza, wateja. Wanaongezeka au wanaondoka? Kampuni nyingi za programu siku hizi zinaishi kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Mteja akikosa kulipa tena, hiyo ni rafu imebaki wazi. Yangu: wanapungua, polepole, robo ya tatu mfululizo.

Pili, pesa benki. Chukua walizonazo, gawanya kwa wanazopoteza kila robo mwaka. Yangu: kwa mwendo huu, zinatosha kama mwaka na nusu. Zikiisha, watakopa au watauza hisa mpya.

Tatu, idadi ya hisa. Hii ndiyo wengi hatuangalii. Kampuni ikiendelea kutoa hisa mpya, wewe mwenye 12 unabaki na 12, lakini sufuria ni ileile na walaji wameongezeka. Yangu: hisa zimeongezeka kila mwaka tangu niingie.

Nne, nani angeitaka? AccessKenya ilikuwa na nyaya. Hii yangu ina nini ambacho tajiri mwingine hawezi kujijengea mwenyewe? Hapa kusema kweli sikupata jibu. Labda kipo. Lakini "labda" si kitu cha kuwekea elfu 14.

Baada ya hapo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kama leo singekuwa na hisa hata moja ya kampuni hii, halafu mtu anipe shilingi 14,000, ningeinunua? Nilijibu kabla sijamaliza kuuliza. Singeinunua. Kumbe nilikuwa siitaki kampuni. Nilikuwa nataka kumrudisha yule kijana wa 2021, nimwambie hakukosea.

Pesa hii inaweza kungoja?

Kuna jambo moja la mwisho, na kwa watu wa mifuko kama yetu labda ndilo kubwa kuliko yote. Jirani wa mjomba alishinda kwa AccessKenya kwa sababu elfu tano yake iliweza kukaa mwaka mzima bila kuulizwa. Ya mjomba haikuweza. Si kwamba mmoja alikuwa na akili na mwingine hana. Mmoja alikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza.

Tajiri akishuka asilimia 60 anasema atasubiri. Wewe ukishuka asilimia 60, kodi inafika tarehe tano, mtu nyumbani anaugua, Gikomba inaungua. Unalazimika kuuza siku ambayo bei ni mbaya kuliko zote. Kwa hivyo kabla ya kuuliza kama hisa itarudi, uliza kama wewe utakuwepo ikirudi. Siku hizi mambo yamekuwa rahisi kuingia, hata soko la Nairobi tangu 2025 unaweza kununua hisa moja tu badala ya kuanzia 100 kama zamani. Ni vizuri. Lakini mlango mpana haubadilishi kilicho ndani. Na kama pesa unayotaka kuongeza ni ya mkopo wa simu, hiyo usifike hata kwa swali la pili. Funga apu.

Sikupi ushauri wa kitaalamu, sina leseni ya CMA, nina hasara tu na macho mawili. Ripoti yako inaweza kukuambia tofauti na yangu. Ukikuta wateja wanaongezeka, pesa ipo, hisa mpya hazimwagwi, na elfu yako inaweza kukaa miaka mitatu bila kuitwa, basi kuongeza si ujinga. Waliofanya hivyo na Safaricom 2009 wapo, na wengine ni watu wa kawaida kabisa wa mitaa hii.

Mimi sikuongeza. Zile 12 sijaziuza, nimejiwekea sharti na nimeliandika kwenye karatasi: ripoti ijayo ikionyesha wateja wamepungua tena, natoka siku hiyohiyo, bila kungoja zirudi 28. Sitaki kuwa yule anayesema "zikirudi tu bei niliyonunulia nauza". Soko halikuahidi kunirudisha nilikotoka.

Na zile 14,000, Ijumaa baada ya Magharibi nilimpelekea mamangu. Nikamwambia, "Mama, hii ni ya kwanza. Zimebaki ishirini na tatu." Hakuuliza ni deni gani. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la leso, akanisukumia beseni la unga.

"Kanda basi," akasema. "Kesho kuna watu wa arusi."

Kwa hivyo kama unasoma hii na kidole kiko kwenye kitufe cha kununua, kishushe kwanza. Tafuta ripoti. Ingia dukani uone rafu. Halafu uniambie wewe umekuta nini.